Shahada ya Siku Usizoruka

Daktari aliigeuza skrini ya altrasaundi ili nami nione. Ndani ya kile kivuli cha kijivu alichosema ni figo yangu ya kulia palikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Akaliwekea alama mbili, mashine ikasoma milimita 4.

"Linakuuma?"

Halikuwa linaniuma hata kidogo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepanda ngazi ghorofa nne kwa sababu lifti ilikuwa na foleni, na nilifika juu bila kuhema. Daktari akavua miwani, akaandika mstari mmoja kwenye fomu. "Hili siwezi kukupitisha nalo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi.

Simlaumu. Kijiwe cha figo kikitulia hakina neno, lakini kikianza kushuka kwenye mrija humkunja mtu mzima akalia kama mtoto, na hakichagui saa. Kinaweza kushuka wakati ndege inateremka usiku, mvua inapiga kioo, na chumba kizima cha marubani kikabaki na mtu mmoja mwenye akili zake. Basi cheti changu cha afya cha daraja la kwanza kikasimamishwa siku ileile. Leseni hawakuigusa, ila leseni ya urubani bila cheti cha afya ni karatasi ya kutazama. Nilikaa chini miezi 11. Kijiwe chenyewe kilivunjwa mapema tu. Miezi ikaliwa na vipimo vya kurudia, kijiwe kingine kilichojitokeza upande wa kushoto, na barua zilizokuwa zikisubiri saini.

Wiki ya sita, akiba ikiwa imeanza kuonyesha mbavu, nilianza kuomba kazi za ardhini. Kwenye usaili wa kwanza, afisa ajira aliishika shahada yangu na kuisoma mara mbili. Imeandikwa Usimamizi wa Usafiri wa Anga.

"Hii ndiyo ile ya wahudumu wa kwenye ndege?"

"Hapana."

"Sasa ni ya nini hasa?"

Mimi nilikuwa na maelezo ya dakika tano, yeye alikuwa na muda wa nusu dakika. Hawakunipigia tena.

Nayakumbuka haya kwa sababu mpwa wangu amemaliza sekondari na juzi kaniandikia: "Shikamoo mjomba. Nimeamua kuwa rubani. Chuo nisome nini?" Nilimjibu marahaba, nikaandika aya tatu, nikazifuta. Swali lake ni lilelile nililouliza mimi nikiwa na umri wake, na jibu nililopewa na watu wazima wenye nia njema lilikuwa: soma mambo ya ndege, kwani si ndiko unakokwenda? Lilionekana ni jibu lisilohitaji hata kufikiriwa. Miaka kadhaa baadaye nikajikuta mbele ya yule afisa ajira.

Kwanza niondoe jambo ambalo wazazi wengi hawaliamini hadi waoneshwe: viwango vya kimataifa vya leseni ya urubani havidai shahada. Viko kwenye Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule mkataba wa mataifa kuhusu usafiri wa anga, na ndivyo nchi huvitumia kama msingi wa sheria zao. Kwa leseni ya rubani wa biashara wanataka miaka 18, saa 200 za kuruka (150 ukipitia kozi iliyoidhinishwa), mitihani ya nadharia, mtihani wa kuruka, na afya. Kwa leseni ya juu kabisa, ile inayomruhusu mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, ni miaka 21 na saa 1,500. Ulisoma historia au kemia, au hukukanyaga chuo kikuu kabisa, hakuna anayeuliza.

Anayeuliza ni mwajiri. Mashirika makubwa ya Marekani kwa miaka mingi yalitaka shahada ya miaka minne, na sababu si kwamba shahada hutua ndege. Meza ikiwa na maombi elfu moja na nafasi hamsini, unahitaji chujio, na shahada ni chujio rahisi: inaonyesha kwamba huyu mtu alianza jambo refu, lenye siku nyingi za kuchosha, akalimaliza. Marubani walipoadimika, chujio likalegezwa. Januari 2022 Delta, mojawapo ya mashirika hayo, iliacha kuifanya shahada kuwa sharti kwa marubani wapya, ikabaki kuwa jambo linalompa mwombaji nafuu. Marubani wakizidi tena, sitashangaa sharti likirudi. Kwa hiyo kumwambia kijana "achana na chuo, huhitaji" ni kumpa ushauri wa msimu.

Ila katika hayo yote, waliotaka shahada hawakutaka shahada ya jambo fulani. Kapteni Chesley Sullenberger, aliyeitua Airbus A320 juu ya mto Hudson tarehe 15 Januari 2009 na watu wote 155 wakatoka hai, alisoma saikolojia. Tammie Jo Shults, ambaye injini ya kushoto ya Boeing 737 yake ilipasuka angani Aprili 2018 na sauti yake redioni ikabaki tulivu kama anaagiza chai, alisoma biolojia na biashara ya kilimo. Sisemi saikolojia ndiyo iliyoelea mtoni. Sullenberger alikuwa na karibu saa 20,000 za kuruka, na wote wawili walipitia urubani wa kijeshi kabla ya kubeba abiria. Ninachosema ni kwamba kitu kilichowasaidia siku hiyo hakikutoka kwenye jina la shahada.

Usaili wangu wa kazi ya urubani nao ulinifunza hivyo hivyo, ingawa wakati ule sikuelewa. Walikuwa watu watatu. Shahada waliitazama kama unavyotazama tiketi ya mtu anayepita mlangoni. Kitabu changu cha saa za kuruka walikaa nacho zaidi ya dakika ishirini. Mmoja aliweka kidole kwenye mstari wa safari ya miaka miwili nyuma, ya dakika 35, wakati safari za namna ile huwa za saa mbili. "Hapa kulikuwa na nini?" Nikaeleza kwamba mawingu yalishuka kuliko utabiri, nikageuza. Akauliza nilijuaje ni wakati wa kugeuza, nani alikuwa ananisubiri nilikokuwa nakwenda, na kama aliyeniajiri alikasirika. Kisha wakauliza nimewahi kufeli mtihani wa kuruka mara ngapi. Mara moja: zoezi la kutua bila injini, nilifika kwenye uwanja nikiwa juu mno nikaupita. Wakataka kujua nilifanya nini kesho yake. Kuhusu chuo waliuliza swali moja tu: "Ulimaliza kwa muda uliopangwa?"

Sasa niitendee haki shahada ya anga, maana nisije nikaonekana natema mate kisimani nilimochota. Kuna mahali ina faida inayohesabika. Marekani, kuanzia 2013, rubani msaidizi wa shirika la ndege lazima awe na saa 1,500, lakini aliyehitimu shahada ya anga kwenye chuo kilichoidhinishwa, na akajifunzia kuruka kwenye mpango huo huo, anaruhusiwa kuanza na saa 1,000. Mwenye stashahada ya miaka miwili ya fani hiyo huanza na 1,250. Kwa mkufunzi wa urubani anayekusanya saa 60 kwa mwezi, kupunguziwa saa 500 ni miezi minane hivi ya maisha, si haba. Anayelenga huko na mwenye uhakika wa afya yake ana sababu nzuri ya kuichagua.

(Nitoke nje ya mada kidogo. Sheria hiyo ilizaliwa na ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa tayari wamevuka saa 1,500. Kila nikiwasikia watu wakibishana kuhusu namba hiyo kama vile ilishuka na mbao za mawe, hukumbuka hilo.)

Nje ya mazingira hayo, sehemu kubwa ya shahada ya anga ni kusoma mara mbili unachotakiwa kusoma kwa vyovyote. Mtu anayetafuta leseni ya juu barani Ulaya hufanya mitihani ya nadharia ya masomo 13: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa ndege, uzito na mizania, kanuni za kuruka, mwili na akili ya binadamu, na mengine. Mimi hali ya hewa nimeisoma mara tatu, kwa leseni ya mwanafunzi, chuoni, na kwa leseni ya juu. Mara ya tatu niliyajua mawingu yote kwa majina kama majirani, na bado chuo kilikuwa kimenitoza ada ya kunitambulisha kwao upya.

Kuna somo moja nililolishukuru: uchumi wa mashirika ya ndege. Lilinifundisha kwamba shirika linaweza kujaza viti vyote na likapata hasara, na kwamba bei ya mafuta ikipanda, wa kwanza kuguswa ni walioajiriwa mwisho. Nilipata maksi nzuri. Ila mwalimu hakusema, wala mimi sikujiuliza, kwamba hesabu ile ilinihusu mimi niliyekaa dawati la tatu. Tulikuwa darasa zima la watu wanaosomea kitu kimoja: marubani, wapanga ratiba, wasimamizi wa viwanja, wauza nafasi za mizigo. Ndege zikisimama, sote tunasimama pamoja. Zilisimama Septemba 2001, uchumi ulipoanguka 2008 zikapunguzwa, na 2020 zikapangwa mstari viwanjani injini zimefungwa vifuniko. Katika majuma yale ya 2020 nilipokea ujumbe wa kuachishwa kazi kutoka kwa wenzangu wa chuo, na haikuwa marubani tu. Aliyesomea usimamizi "ili awe na pa kuegemea" alikuwa kwenye orodha ileile. Ni kama kubeba tairi la akiba lenye pancha palepale penye pancha ya tairi la gari.

Kwa mpwa wangu, nikitakiwa kusema neno moja tu, ningesema hili. Kuruka utafundishwa na shule ya urubani, na watakufundisha vizuri kuliko chuo chochote. Shahada itafutie kazi nyingine: ikulishe siku ambazo hautaruka. Siku hizo zitakuja kwa kila rubani, wengine zitawakuta wakiwa na miaka 28 na wengine 65, umri ambao kiwango cha kimataifa kinamtoa mtu kwenye chumba cha marubani wa ndege za abiria, awe bado ana nguvu au hana. Kabla ya hapo, cheti cha afya hupimwa upya kila mwaka, na ukifika 60 kila miezi 6. Sijui kazi nyingine nyingi ambazo mtu huingia kwa daktari akiwa mfanyakazi na anaweza kutoka akiwa si mfanyakazi, bila kuumwa popote.

Mwaka ule wa kijiwe changu, kapteni mmoja niliyekuwa naruka naye mara kwa mara alipimwa umeme wa moyo akaambiwa hapana, na hapana yake ilikuwa ya moja kwa moja. Alikuwa na miaka 51. Mzee yule alisoma uhasibu kabla hajaingia shule ya urubani, na kwa miaka yote tuliyomjua tulikuwa tunamtania kwa hilo, maana hata bili ya chakula ya watu wanne aliigawa hadi senti. Miezi mitatu baada ya kusimamishwa alikuwa anafunga hesabu za hospitali. Nilimtembelea. Kwenye meza yake palikuwa na kadi iliyofunikwa plastiki, hatua za kufunga mwezi, kila hatua na kisanduku cha kutia alama, zimepangwa sawasawa na kadi za kuwashia injini. Alikuwa amewafundisha vijana wa ofisi kusomeana kwa sauti, mmoja anasoma, mwingine anajibu "tayari". Hakuwa na furaha, nisidanganye. Ndege ikipita juu alikuwa anaacha kuzungumza hadi ipite. Lakini watoto wake hawakutoka shule.

Wengine wataniambia: basi uhandisi. Wazazi hasa hupenda jibu hili, kwa sababu lina heshima mbili, ya mhandisi na ya rubani. Neil Armstrong alisoma uhandisi wa anga, wanasema, na ni kweli. Kama unaupenda uhandisi kiasi cha kuufanya hata usipoona ndege maisha yako yote, usome. Kama unausoma kwa kuamini rubani anahitaji hesabu nzito, ngoja nikuoneshe hesabu tunazofanya.

Tuko futi 36,000. Waongoza ndege wanataka tufike futi 3,000 karibu na uwanja. Kapteni ananiuliza tuanze kushuka lini. Tofauti ni futi 33,000. Chukua 33 zidisha kwa 3, unapata maili 99 za baharini. Ongeza kumi za kupunguza mwendo, ongeza nyingine chache upepo ukitusukuma kwa nyuma. Kasi yetu juu ya ardhi ni noti 420, yaani maili 420 za baharini kwa saa. Nusu yake, ongeza sifuri, futi 2,100 kwa dakika. Ndiyo kasi ya kushuka. Kompyuta ya ndege imeshapiga hesabu hiyo, lakini tunaifanya kichwani ili tuijue ikikosea. Au hii: ukipotoka nyuzi 1 kwenye uelekeo, kila maili 60 unazokwenda unakuwa umetoka nje ya njia maili 1. Hesabu za shule ya msingi, basi. Ugumu wake ni kwamba unazifanya huku mtu anaongea sikioni kwa lafudhi usiyoizoea, mwingine anakuuliza kuhusu mafuta, na kiti kinatikisika. Shahada ya uhandisi haikufundishi kutikiswa.

Halafu kuna suala la asubuhi. Anayejifunza kuruka huitaka asubuhi, kwa sababu hewa imetulia. Kuelekea adhuhuri jua linapasha ardhi, hewa inaanza kuchemka, na ndege ndogo inarushwarushwa kama ungo. Maabara za uhandisi nazo ziko asubuhi. Nilipokuwa mkufunzi nilikuwa na mwanafunzi aliyesomea uhandisi wa umeme, kijana mwenye kichwa kizuri kuliko changu. Alikuwa anakuja, anapotea wiki tatu za majaribio na ripoti, anarudi. Kiwango cha chini cha leseni ya rubani binafsi ni saa 40. Yeye aliipata akiwa na saa 71. Kila akirudi, kichwa kilikumbuka kila kitu na mikono ilikuwa imesahau: alikuwa anainua pua ya ndege mapema mno, tunaelea, tunaelea, kisha tunadondoka kwenye lami kwa kishindo. Tunarudia somo la mwezi uliopita, naye analipa upya. Hakuna kosa alilofanya. Aliunganisha mambo mawili yanayogombea saa zilezile za siku.

Kwa hiyo ratiba ya shahada ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani, pengine zito kuliko somo lenyewe. Shahada inayokuachia asubuhi tatu kwa wiki, au inayosomeka jioni, au kwa masafa, inaweza kukufaa kuliko ile yenye jina kubwa. Na uzito wake uwe wa kumalizika. Shahada iliyoachwa mwaka wa tatu ni kitu kibaya mno kukaa nacho mbele ya wale watu watatu wa usaili, maana ndiyo jibu la swali lao pekee kuhusu chuo.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo inanitesa kila nikimfikiria mpwa wangu. Katika mashirika mengi, maisha yako yote yanaendeshwa na namba, tarehe uliyoingia kazini. Namba hiyo ndiyo inayoamua njia utakazoruka, sikukuu utakazokuwa nyumbani, lini utahamia kiti cha kushoto, kile cha kapteni, na nani ataachishwa kwanza mambo yakiharibika. Aliyeingia na miaka 22 na aliyeingia na miaka 26 watastaafu wote na 65. Yule wa pili anadhani miaka minne aliyotumia chuoni aliitoa mwanzoni, kwenye mshahara mdogo wa mwanzo. Sivyo. Ameitoa mwishoni, miaka ya ukapteni kwenye ndege kubwa, ile minono. Ukiipigia hesabu hiyo peke yake, chuo kwanza ni biashara mbaya.

Ndiyo maana naona heshima kubwa kwa watu waliosoma wakiwa tayari kazini. Rubani mwenzangu mmoja alichukua shahada ya sheria kwa masafa. Nilimkuta mara nyingi kwenye ukumbi wa hoteli na kitabu cha sheria ya mikataba kilichochanika mgongo. Ilimchukua miaka saba badala ya minne. Lakini nimeona pia mwingine aliyekuwa anasoma hadi saa nane usiku kwenye saa za mapumziko, na asubuhi akawa anasoma orodha ya ukaguzi mstari mmoja mara mbili bila kujua. Saa za mapumziko zimewekwa na sheria ili mtu alale. Nilimwambia, akanuna, tukaruka kimya.

Basi nisome nini, mjomba? Siwezi kumtajia somo moja, lakini najua maswali ambayo ningependa ayapitishe juu ya kila fomu. Ukilitoa neno "ndege" kwenye shahada hii, kuna mtu atakulipa kesho kutwa? Uhasibu unavuka. Uuguzi unavuka, tena una zamu kama zetu, na waliokwisha kukesha wodini hawashtuki na safari za usiku. Takwimu, ualimu wa hisabati, uandishi wa programu, sheria, vyote vinavuka. Na je, utalipenda kiasi cha kulimaliza wakati moyo wako wote uko uwanjani? Maana mtu anayetaka kuruka huwa mgonjwa wa mapenzi, na mgonjwa wa mapenzi hasomi vitabu visivyomtaja mpenzi wake. Kwa watu wa namna hiyo, ambao pengine hata yeye ni mmojawapo, shahada ya anga inayomalizika ni afadhali kuliko uhasibu unaoachwa njiani. Nimeyasema haya nikijua yanapunguza makali ya yote niliyoandika juu.

Na deni. Mafunzo ya urubani ni ghali, chuo ni ghali, na mwanzo wa kazi hii, hasa ukiwa mkufunzi, kipato ni chembamba. Kukopa kwa ajili ya yote mawili kwa wakati mmoja ni kuanza kazi ukiwa umefungwa miguu. Sina la kuongeza.

Lakini kuna jambo linalotangulia yote haya, na ndilo nililomwambia kwanza nilipompigia simu mwishowe. Kabla ya kujaza fomu ya chuo chochote, kabla ya kulipa hata saa moja ya kuruka, nenda kapimwe afya ya daraja la kwanza, kipimo kamili, kwa daktari wa anga. Chuoni tulikuwa na mwenzetu aliyefika mwaka wa pili wa shahada ya anga ndipo akaenda kupimwa. Daktari alimfungulia kile kitabu cha madoa ya rangi, ile kurasa yenye vidoadoa ambavyo ndani yake mmefichwa namba. Ukurasa wa kwanza akaisoma. Wa pili akauliza, "Hapa pana namba?" Alikuwa na miaka 21 na siku hiyo ndiyo aligundua kwamba nyekundu na kijani anazoziona yeye si hizi tunazoziona sisi. Akaendelea na shahada kwa sababu alishalipa, na leo anapanga ratiba za ndege za wengine. Anaifanya vizuri. Hapendi kuulizwa.

Mimi nilirudi angani mwezi wa kumi na mbili tangu nisimamishwe, baada ya mtihani kwenye simuleta, ile mashine inayoigiza ndege, ambako mara ya kwanza nilitua kwa kishindo kiasi cha mkaguzi kutazama kiuno chake. Sehemu kubwa ya miezi ile 11 niliishi kwa kazi ya kuhariri vitabu vya mafunzo kwenye ofisi ya shirika langu, kwa chini ya nusu ya mshahara, na niliipata kwa sababu naandika sentensi zinazoeleweka, si kwa sababu ya shahada. Nikiwa huko nilijiandikisha kusoma takwimu kwa masafa. Sijamaliza. Niko mwaka wa tatu kwa mwaka wa tano sasa, na kitabu cha uwezekano kimekuwa na madoa ya kahawa ya viwanja vingi.

Jana jioni mpwa wangu alituma ujumbe. Alikuwa ametoka kwa daktari wa anga.

"Mjomba, namba zote nimeziona. Na figo wamesema safi."

Nikamuuliza, na fomu za chuo?

"Bado ziko mezani. Nimezipanga tatu. Ya uuguzi iko juu, lakini usimwambie mama, yeye anajua ya uhandisi ndiyo iko juu."